Nusu Saa ya Mama Breki

Kama ulijifunza gari mjini pale ndani ya miaka ishirini iliyopita, basi ama ulifundishwa na Mama Breki, ama na mtu aliyefundishwa naye. Na msinicheke, hana mtoto anayeitwa Breki. Jina alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Magari ya kufundishia yana breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wa mama yule haukuwahi kubanduka juu ya breki hiyo. Unaendesha, umetulia, umeanza kujiona dereva. Ukitupa jicho chini unakiona kiatu chake cheusi kimekaa pale kinakusubiri ukosee. Askari mmoja, mtu mzima mwenye cheo chake, aliwahi kununa: "Mwalimu, ina maana huniamini?" Akajibiwa, "Wewe nakuamini, baba. Nisiyemwamini ni huyo anayekuja mbele yako." Askari akacheka, lakini mguu haukuondoka.

Duniani kote alisamehewa mguu ule mtu mmoja tu: mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, ambaye watu walimwita Kitinda mpaka akaota ndevu na jina likakataa kutoka. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka minne, dada mtu kumi na tisa. Dada akaacha masomo, akambeba mgongoni, akamlisha, akamwogesha, akamchapa inapobidi, na alipofika umri wa leseni akamkalisha nyuma ya usukani. Siku ya kipindi cha tatu, kwenye kile kilima cha tangi la maji kinachowatoa wanafunzi machozi, Kitinda alisimamisha gari katikati ya mlima, akaachia klachi taratibu, gari likaondoka bila kurudi nyuma hata unyayo. Dada akautoa mguu kwenye breki. Akaikunja miguu yake yote miwili chini ya kiti, akasema, "Endesha, baba. Mimi nimepumzika." Kitinda aliisimulia siku hiyo kila mahali, hadi harusini kwake.

Kuna jambo jingine la Mama Breki ambalo lazima ulijue, maana ndilo lililomponza. Kipindi kimoja cha udereva ni nusu saa. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha nusu saa, nusu saa, nusu saa, ikamwingia mwilini. Hakuhitaji saa ya mkononi. Ukimkaribisha chai, dakika ya thelathini anashika mkoba. Hata msibani, jamani, watu wanalia, yeye nusu saa ikitimia anaanza kuitafuta miguu yake.

Sasa mtu akitaka kununua gari, alikuwa anakwenda kwanza kumuuliza yeye: gari lijaribiwe muda gani kabla ya kutoa hela? Na ole wako useme dakika kumi. "Dakika kumi? Dakika kumi ni za kuzunguka yadi na kunusa viti! Gari unalipa kipindi kizima." Halafu anakuhesabia: fika bila kusema utafika saa ngapi, shika boneti uone kama ni baridi, maana muuzaji mjanja huliwasha mapema ugonjwa wa asubuhi usionekane. Zima redio. Mwambie muuzaji afunge mdomo. Panda nalo mlima, pita nalo njia mbovu, rudi nalo kinyumenyume, kwenye barabara iliyonyooka legeza mikono uone linavutia wapi. "Mtu akikaa na mimi kipindi kimoja namjua kama ana hofu au ana kiburi. Gari litanificha nini?"

Kitinda aliyajua hayo yote kwa moyo. Kwenye mikusanyiko ya familia alikuwa anavaa mkoba wa dada yake, anajifunga kitambaa kichwani, anamwigiza: "Shika boneti! Funga mdomo! Kipindi kizima!" Watu wakishika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa dada mwenyewe.

Ile shule aliyokuwa akifundisha ikapata mwenyewe mpya. Mwenyewe mpya akasema vipindi vipunguzwe viwe dakika ishirini, malipo yaleyale. Mama Breki akamwambia huo ni wizi wa mchana kweupe, akaweka funguo mezani, akatoka. Hakuyumba. Miaka yote hiyo alikuwa amefundisha kwa magari ya watu. Akasema sasa basi, na mimi nitakuwa na langu. Hata kabla ya kulipata gari, alikwisha kumpa mchoraji kibao cha kuweka juu yake. Kikaletwa nyumbani, akakiegemeza ukutani sebuleni, kila anayepita anakisifu. Akiba yake yote ya maisha ilikuwa inangoja gari moja tu, na hakukuwa na akiba nyingine nyuma ya hiyo.

Kitinda wakati huo alikuwa muuzaji kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Akapiga simu. "Dada, kuna kitu hapa. Kidogo, cha bluu, gia za mkono, safi. Nimekifichia kona."

"Nitakuja na yule Fundi wangu wa magari," dada akasema.

"Fundi wa nini tena? Wewe si zaidi ya fundi? Na mimi nipo hapa, au siku hizi nimekuwa mtu baki?"

Neno hilo la mtu baki likamchoma. Akaona aibu kana kwamba amemtukana mtoto. Fundi akaachwa.

Alikwenda Jumamosi asubuhi, bila kusema saa. Boneti baridi kabisa. Akawasha, likaitika mara moja. Kitinda akaketi upande wa abiria, mikono mapajani, kimya kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, wala hakusubiri kuambiwa afunge mdomo. Dada akapanda mlima wa tangi. Akapita barabara ya mashimo ya nyuma ya soko, akasikiliza chini kama kuna kinachogonga. Akarudi kinyumenyume, akalegeza mikono, gari likaenda limenyooka kama uzi. Kengele ya mwilini ikamgonga wakati anaingia tena getini kwenye yadi. Nusu saa kamili.

Kitinda akajifuta uso kwa leso. "Dada, hutaki kuzunguka tena kidogo?"

"Kwani mimi mgeni, wa kutembezwa mji?" Dada akacheka. "Kipindi kimeisha. Nalichukua."

Kitinda akamkumbatia hapohapo, mbele ya bosi wake, na akamng'ang'ania kwa muda mrefu. Dada akaona ni furaha.

Wiki tatu za kwanza mambo yalikwenda kama maji. Fundi aliweka breki ya pili, kibao kikapanda juu ya gari, wanafunzi kumi na mmoja wakajiandikisha. Kila kipindi nusu saa, kisha Mama Breki anaegesha kivulini, anajaza kadi ya mwanafunzi, anakunywa chai yake ya chupa, ndiyo anampokea anayefuata. Gari likipata hapo nafasi ya kupoa. Hakujua kwamba linapoa. Aliona linaegeshwa tu.

Kisha akaja yule muuguzi. Muuguzi alikuwa mwanamke hodari wa sindano lakini mzunguko wa barabara ulikuwa unamtoa jasho, na mtihani wake ulikuwa kesho yake. Akaomba vipindi viwili mfululizo. Mama Breki akakubali. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza bila kushuka, wakaingia kwenye mzunguko mkubwa, magari yanatoka kila upande, na hapohapo katikati mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti. Injini ikakohoa, ikazima. Lori lililokuwa nyuma yao likafunga breki likalia kama mnyama, likasimama, kati yake na wao hapapiti hata baiskeli.

Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "We mama! Ndiyo unafundisha watu kufa?"

Muuguzi alishuka anatetemeka. "Mwalimu, nimefanya nini? Nimekosea wapi?" Akarudia hivyo mpaka wakafika ukingoni, na kesho yake hakwenda kwenye mtihani. Habari ikazagaa kwamba gari la Mama Breki linazimika katikati ya barabara. Kwa miaka ishirini na miwili jina lake halikuwahi kutajwa kwa ubaya. Wiki haikuisha, wanafunzi wanne wakawa hawapokei simu.

Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua boneti, akachungulia kwenye rejeta ya maji, akachovya kidole, akakinusa. Akakitazama kidole muda mrefu kabla hajamtazama yeye.

"Kichwa cha injini kina ufa," akasema. "Likiwa la baridi ufa umefumba, hulioni kosa. Likipata moto sawasawa ufa unafumbuka, maji yanakimbia. Na humu mtu ametia dawa ya kuziba. Ndiyo inayolibeba. Inalibeba dakika arobaini hivi, halafu basi."

"Linatengenezeka?"

"Ni kutafuta injini nyingine, mama. Hii imekwisha. Nani kakuuzia?"

Mama Breki akajibu, "Yadi."

"Yadi ipi?" Alipotajiwa, Fundi akaanza kufuta mikono kwa tambara, akaifuta, akaifuta. Alijua nani anafanya kazi pale.

"Aliyeniuzia hajui magari kwa ndani," Mama Breki akasema haraka. "Anauza tu. Hayo ni mambo ya bosi."

"Sawa, mama," Fundi akasema.

Siku mbili alizunguka nyumbani akimtetea mdogo wake kwa sauti, peke yake, huku anafagia mahali palipokwisha fagiwa. Kitinda angejuaje? Kitinda naye amepigwa changa la macho. Lakini kila alipofika hapo sauti ya Kitinda ilikuwa inamrudia: hutaki kuzunguka tena kidogo? Ya nini kumuuliza hivyo mtu ambaye hajawahi kuzidisha kipindi tangu azaliwe? Akasema, hapana, simhukumu mtu kwa swali. Nitampa mtihani kama ninavyowapa wengine.

Akampigia. Hakugusia mzunguko, wala lori, wala Fundi. "Mgongo unanisumbua. Jumapili njoo uniendeshe twende kwa shangazi."

Kwa shangazi ni mwendo wa saa nzima. "Twende na gari la rafiki yangu, Dada. Lina nafasi."

"Langu lina nini?"

"Aa, halina kitu."

"Basi njoo."

Fundi alikuwa amelijaza maji na kulirudishia hali yake ileile. Jumapili asubuhi boneti ilikuwa baridi. Kitinda alikuja amevaa shati jeupe la kwendea kwa wakubwa, akamwamkia dada yake shikamoo, akafunga mkanda, akaondoka taratibu kama alivyofundishwa. Dada akakaa upande wake wa mwalimu, miguu ameikunja chini ya kiti. Wakazungumza habari za mke wa Kitinda, za mwanawe wa kwanza aliyeng'oka jino, za shangazi na masikio yake. Kitinda aliendesha vizuri, jamani. Alikuwa mwanafunzi wake bora kupita wote, na mpaka leo ndivyo alivyo.

Wakavuka daraja. Nyumba zikapungua. Ndani ya mwili wa Mama Breki kengele ikagonga: nusu saa. Na dakika ileile macho ya Kitinda yakashuka kwenye saa ya dashibodi.

Yakarudi barabarani. Yakashuka tena.

Alimfundisha kwa miezi: kioo, kioo, barabara, kioo, kioo, barabara. Saa haimo. Hakuna dereva hata mmoja aliyefundishwa na Mama Breki akatazama saa namna ile. Akaendelea kutazama mbele, akimwomba Mungu huyu mtoto awe anachelewa mahali.

"Dada, tusimame hapo tunywe soda."

"Sina kiu."

"Mimi nina kiu."

"Kunywa mate."

Kitinda akacheka kicheko kisicho na meno. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni na madirisha yote yako wazi. "Unajua hivi vigari vidogo vinataka kupumzishwa njiani. Si vizuri kulipeleka tu bila kusimama."

"Tangu lini?" dada akauliza kwa upole, na kwa mara ya kwanza maishani akamdanganya. "Juzi tu nimefundisha vipindi vitatu mfululizo. Saa nzima na nusu sikuzima."

"Haiwezekani!" Kitinda akasema.

Ilimtoka tu. Akaufunga mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka na limekaa kati yao ndani ya gari. Mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Kwa nini haiwezekani, baba?"

Mkondo wa mvuke ukachomoza mbele ya kioo, injini ikakohoa kikohozi kilekile cha kule kwenye mzunguko, na Kitinda akalitoa gari barabarani kwa ustadi, akawasha taa za tahadhari, akavuta breki ya mkono. Kila kitu kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Kisha akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Walitaka kuniachisha kazi," akasema bila kuinua kichwa. "Bosi alisema nikilitoa hili nabaki. Kila aliyelitaka alikuja na fundi wake, Dada. Kila mmoja. Wanafungua rejeta tu, wanaona dawa, wanaondoka."

"Ukanikumbuka mimi."

"Nilijua hutakuja na fundi nikikwambia usije naye."

Mama Breki alikuwa anatazama lami. "Ulijua litafika mwisho wa kipindi changu?"

Kitinda akaubana usukani kwa mikono miwili.

"Nakuuliza, ulijuaje kwamba litafika?"

"Nililipima."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Mara mbili dakika arobaini. Mara moja arobaini na mbili." Alikuwa analia sasa, ananyonya kamasi kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne. "Nilijua wewe ni nusu saa. Hata ningekubembeleza uendelee usingekubali. Nilikuuliza lakini, Dada. Wallahi nilikuuliza, hutaki kuzunguka tena? Nilikuuliza!"

Loo! Hapo ndipo palipomuuma kupita pote. Si ufa wa injini. Hata akiba iliyokwenda na maji haikumuuma namna ile. Kilichomuuma ni kwamba huyu alikaa akamhesabia dakika zake. Nusu saa ile aliyomlelea, aliyomfundishia, iliyokuwa kichekesho chao cha nyumbani, mtoto aliichukua akaipima kama mshona nguo anavyokupima bega, akamshonea gari la kumtosha. Mtu baki asingeweza. Mtu baki angejuaje?

"Kulikuwa na mwanafunzi ndani," akasema. "Kwenye mzunguko mkubwa. Nyuma yetu lori."

Kitinda akainua kichwa. Uso ulikuwa umemchujuka. "Lini?"

"Hukuniuliza gari linaendaje tangu siku ile uliyoniuzia. Wiki nne. Nikasema mdogo wangu ana kazi nyingi."

"Nisamehe, Dada."

Dada akafungua mlango, akashuka, akaenda kusimama mbele ya gari lililokuwa linafuka. Kibao chake kipya juu ya gari kilikuwa kinang'aa. Akarudi dirishani.

"Linachukua muda gani kupoa? Wewe ndiye uliyelipima."

Kitinda akajifuta kwa mkono wa shati jeupe. "Nusu saa."

Basi wakakaa kipindi kizima pale kando ya barabara, yeye ndani, dada nje kwenye jiwe, hakuna anayemsemesha mwenzake. Magari yalikuwa yanapita na wengine wanapiga honi kwa kumjua. Mama Breki akawapungia kila mmoja. Mwili ulipomwambia imetosha, akainuka bila kutazama saa, akamimina kwenye rejeta maji aliyokuwa ameyabeba kwenye dumu, akaketi mahali pake, akafunga mkanda.

"Geuza. Tunarudi," akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kwa bosi wako, na utayasema mbele yake haya uliyoniambia, na dakika zake."

"Watanifukuza."

"Najua."

"Dada, nina mtoto."

"Na mimi nilikuwa naye," dada akasema.

Kitinda akawasha gari. Likaitika mara moja, safi, kama gari lisilo na neno. Akatazama kioo, akatazama kioo cha pembeni, akatia gia ya kwanza. Kabla hajaachia klachi akasikia kitu kinasogea chini upande wa pili, akatupa jicho.

Miguu ya dada yake ilikuwa imetoka chini ya kiti. Kiatu cheusi kilikuwa kimekaa juu ya breki.

"Tazama mbele," Mama Breki akamwambia, kama anavyowaambia wote.